Kimeng'enya kipo na methanoli ipo, mbona bakteria hawakui?

"Salaam, mwalimu. Ninasoma shahada ya uzamili katika baiolojia ya molekuli, na mradi wangu ni kuwafanya bakteria wa E. coli waishi kwa methanoli badala ya sukari. Nilichukua jeni ya mxaF, ya kimeng'enya cha kuoksidisha methanoli, kutoka kwa Methylobacterium extorquens nikaiweka kwenye plasmidi (duara ndogo ya DNA ya kubebea jeni), na protini yake naiona vizuri kwenye jeli, ukubwa wake takriban kilodaltoni 66. Nikipima utendaji kwa NAD napata sifuri. Mwenzangu mmoja ananishauri niongeze kalisiamu, mwingine anasema niachane nayo nitumie jeni ya Bacillus methanolicus. Hiyo ya Bacillus nayo nimeijaribu: kwenye kipimo methanoli inaoksidishwa kidogo, lakini bakteria wakiachiwa methanoli peke yake hawakui, na nikiongeza nguvu ya promota wanakufa. Nasoma kwamba zipo maabara zilizofanikiwa. Je, nitafute kimeng'enya chenye nguvu zaidi, au kuna jambo ninalolikosa? Na je, kiasi gani cha methanoli ni salama kukifanyia kazi?"

Ndugu msomaji,

Nashukuru kwa kuandika kwa kina, kwa sababu mambo madogo uliyoyataja, hasa aina ya kipimo ulichotumia na namna bakteria wanavyokufa promota (sehemu ya DNA inayoiwasha jeni) ikiongezwa nguvu, ndiyo yanayoniwezesha kukujibu. Una matatizo mawili yanayofanana kwa sura tu. La kwanza ni protini ya Methylobacterium inayoonekana kwenye jeli bila kufanya kazi. Hicho ni kimeng'enya ambacho hakijakamilika, tena kimepimwa kwa kipimo kisicho chake. La pili ni kimeng'enya cha Bacillus kinachofanya kazi bila kuwalisha bakteria, na hilo halihusiani sana na nguvu ya kimeng'enya. Kwa hiyo nakuomba usianze tena kutafuta jeni yenye nguvu zaidi kabla ya kusoma hadi mwisho, maana kimeng'enya chenye nguvu kikiwekwa ndani ya seli isiyo tayari kupokea kinachozalishwa, huiua seli hiyo mapema zaidi. Umekwisha kuliona hilo kwa macho yako.

Methanoli ina kaboni moja tu. Kimeng'enya kinachoioksidisha huiondolea elektroni mbili pamoja na hidrojeni mbili, na kinachobaki ni formaldehidi. Kinachotofautiana baina ya viumbe ni nani anayezipokea elektroni hizo, na karibu kila kikwazo utakachokutana nacho maabara kinatokana na jibu la swali hilo. Bakteria wengi wa Gramu hasi wanaokula methanoli, Methylobacterium akiwemo, huzikabidhi kwa PQQ, molekuli ndogo iliyokaa ndani ya kimeng'enya chenyewe, ambayo nayo huzipitisha kwa protini ya saitokromu. Bacillus methanolicus huzipa NAD, mbebaji yuleyule ambaye E. coli humtumia anapovunja sukari. Hamira zinazokula methanoli huzipa oksijeni moja kwa moja na kuzalisha peroksidi ya hidrojeni, ndiyo maana kazi hiyo hufanyika ndani ya peroksisomu, palipo na katalasi ya kuivunja. Njia ya hamira naiacha hapo, kwa kuwa E. coli hana peroksisomu.

Sasa tuitazame mxaF yako. Kimeng'enya hiki kilielezwa na Christopher Anthony na mwenzake Zatman nchini Uingereza katika miaka ya 1960, nao waligundua kwamba kina kofakta, yaani molekuli saidizi ya kimeng'enya, isiyofanana na zilizojulikana wakati huo. Umbo la kofakta hiyo, ambayo ndiyo PQQ, lilipatikana mwaka 1979. E. coli hatengenezi PQQ. Hilo peke yake lingetosha kueleza sifuri yako, lakini yapo na mengine. Kimeng'enya kamili kina vipande vinne: viwili vikubwa vya kilodaltoni 66 vinavyotokana na mxaF, na viwili vidogo vya kilodaltoni 8.5 vinavyotokana na mxaI, jeni ambayo hukuitaja. Vipande hivyo vinapaswa kusafirishwa hadi kwenye periplazimu, yaani nafasi iliyo kati ya tando mbili za bakteria, vikunjwe huko, viwekewe ayoni ya kalisiamu kwa msaada wa protini nyingine za kundi lilelile la jeni, na vipate saitokromu maalumu ya kupokea elektroni, inayotokana na mxaG. Mstari ulioupata kwenye jeli unathibitisha kwamba mnyororo wa amino asidi umetengenezwa. Hauthibitishi lolote kati ya hayo mengine.

Aliyekushauri uongeze kalisiamu alikuwa na sehemu ya ukweli. Kalisiamu hukaa kandokando ya PQQ na kuisaidia kuzivuta elektroni, lakini pasipokuwa na PQQ hakuna cha kusaidia. Kuna jambo la kufurahisha hapa ambalo linaweza pia kukupotosha: E. coli wa aina ya K-12 hutengeneza kimeng'enya cha kuoksidisha glukosi kinachohitaji PQQ, ingawa PQQ yenyewe hawezi kuitengeneza, hivyo kimeng'enya hicho hukaa kitupu kikisubiri kofakta kutoka nje. Ukimwaga PQQ kwenye chombo chako, cha kwanza kufufuka kinaweza kuwa hicho. Ikiwa kuna mabaki ya glukosi, rangi ya kipimo itabadilika nawe utashangilia utendaji ambao haukutokana na methanoli. Usikose kuweka kidhibiti cha bakteria wasio na plasmidi yako, waliopewa PQQ ileile kwa kiasi kilekile.

Kuhusu kipimo chenyewe, nakuomba usimame hapa kidogo. Umesema ulipima kwa NAD, bila shaka kwa kusoma mwanga wa nanomita 340 ambao NADH, yaani NAD iliyokwisha kupokea elektroni, huufyonza. Kimeng'enya cha PQQ hakiitambui NAD kabisa. Hata ungekipata kikiwa kamili kutoka kwa Methylobacterium mwenyewe, kipimo hicho kingekupa sifuri milele. Kimeng'enya hiki hupimwa kwa rangi bandia zinazopokea elektroni, kwa kawaida fenazini methosulfeti ikifuatwa na DCPIP, ile rangi ya buluu inayofifia kadiri elektroni zinavyoingia. Kipimo hufanywa kwenye pH ya karibu 9, tena kwa kuongeza chumvi ya amonia, kwa sababu aina ya kalisiamu nje ya seli huhitaji amonia ili ifanye kazi. Wanafunzi wengi huisahau amonia, wakahitimisha kwamba protini imekufa.

Kabla ya kumwacha Methylobacterium, kuna habari moja ambayo huenda hujakutana nayo, nayo inaathiri maamuzi yako. Bakteria hawa wana jeni ya pili inayofanana na mxaF, iitwayo xoxF, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kitendawili, kwa sababu protini yake ilionekana haifanyi kazi ya maana. Mwaka 2011 na 2012 watafiti wa Japani walionyesha kwamba inahitaji lanthanidi, yale madini yanayoitwa adimu, kama lanthani na seriamu, mahali pa kalisiamu. Kisha mwaka 2014 likachapishwa jambo lililoshangaza wengi: bakteria Methylacidiphilum fumariolicum, aliyetolewa kwenye matope ya volkano karibu na Naples, alikuwa anakataa kukua maabara mpaka aongezewe maji ya matope yaleyale, na kilichokuwa ndani ya maji hayo kikawa ni lanthanidi. Hadi wakati huo wengi wetu tuliamini kwamba madini haya hayana kazi yoyote katika uhai. Leo tunajua kwamba kwa Methylobacterium lanthanidi kidogo tu huizima mxaF na kuiwasha xoxF. Ukiamua siku moja kufanya kazi na bakteria huyo, kumbuka kwamba chembechembe za madini hayo zinaweza kutoka hata kwenye vyombo vya kioo au chumvi zisizo safi, zikabadilisha ni kimeng'enya kipi unachokipima. Mwaka 2018 ilipatikana pia kutoka kwa bakteria hao protini ndogo iitwayo lanmodulini, inayoshika lanthanidi kwa uchaguzi wa takriban mara milioni 100 kuliko kalisiamu, na sasa inafanyiwa kazi kama njia ya kutenganisha madini hayo bila kemikali kali. Nadhani hilo ni tunda zuri kuliko yote lililotokana na utafiti wa vimeng'enya hivi, na halikutarajiwa na mtu.

Kwa hiyo ushauri wa mwenzako wa pili, kwamba utumie jeni ya Bacillus, ndio ninaoukubali kwa mradi wako. Kimeng'enya hicho hufanya kazi ndani ya saitoplazimu, hakihitaji kofakta ambayo E. coli hana, na kinazalisha NADH inayoweza kutumika moja kwa moja kutengeneza nishati au bidhaa. Elektroni za PQQ huingia kwenye mnyororo wa upumuaji zikiwa zimechelewa, kwenye ngazi ya saitokromu, hivyo nishati nyingi hupotea njiani. Hata hivyo njia ya NAD ina gharama yake, na hapa ndipo penye jibu la swali lako kubwa.

Kuhamisha elektroni kutoka kwa methanoli kwenda kwa NAD ni kupandisha mlima. Katika hali ya kawaida ya seli mmenyuko huo hudai takriban kilojuli 30 kwa kila moli, maana yake msawazo wake, yaani mahali mmenyuko unapotulia, uko upande wa methanoli. Hebu tupige hesabu pamoja. Kilojuli 30 katika joto la kawaida ni sawa na kigezo cha msawazo cha karibu 5 kwa milioni. Ukiweka methanoli ya milimola 500, na tuchukulie kwamba ndani ya seli NAD ni mara kumi ya NADH, basi formaldehidi itasimama kwenye mikromola 25 hivi, na mmenyuko utakoma hapo hata kama umejaza seli kwa kimeng'enya hadi pomoni. Kimeng'enya huharakisha safari ya kuufikia msawazo, hakiwezi kuuhamisha. Kuna njia mbili tu za kuusogeza mbele: kuiondoa NADH, kazi inayofanywa na upumuaji palipo na oksijeni ya kutosha, na kuiondoa formaldehidi papo hapo inapozaliwa. Fikiria mfereji uliozibwa mwishoni: kuongeza upana wa mdomo wake hakutayafanya maji yatembee.

Udhaifu wa pili wa kimeng'enya hiki ni kwamba hakiipendi sana methanoli. Huhitaji methanoli ya mamia ya milimola ili kifike nusu ya kasi yake, wakati kile cha PQQ kinatosheka na mikromola chache au makumi. Ndani ya Bacillus mwenyewe ipo protini ya msaada inayokichochea, na bakteria huyo huishi kwenye nyuzi joto 50 za Selsiasi, joto linalousukuma mmenyuko kwa kasi na kuupunguzia ugumu kidogo. Wewe unafanya kazi kwenye nyuzi 37, bila vyote viwili. Ndiyo maana maabara kadhaa zimetumia vimeng'enya vya NAD kutoka kwa bakteria wengine, hasa Cupriavidus necator, vilivyoboreshwa kwa mabadiliko ya makusudi hadi vikaridhika na methanoli kidogo zaidi na bila kuhitaji msaidizi. Ukitaka kubadilisha kimeng'enya, badilisha kwa sababu hiyo, wala usitarajie kwamba badiliko hilo peke yake litawafanya bakteria wakue.

Formaldehidi ndiyo kiini cha jambo lote. Hushikamana na amino asidi na vijenzi vya DNA, ikaunganisha protini na DNA kwa mafundo ambayo seli hushindwa kuyafungua wakati wa kugawanyika. Bacillus huipokea kwa vimeng'enya viwili. Cha kwanza, Hps, huiunganisha formaldehidi na sukari ya kaboni tano iitwayo ribulosi-5-fosfeti, ikawa sukari ya kaboni sita. Cha pili, Phi, huigeuza hiyo kuwa fruktosi-6-fosfeti, ambayo E. coli anaifahamu vizuri. Kama plasmidi yako ina kimeng'enya cha kuoksidisha methanoli peke yake bila hps na phi, basi umetengeneza mtambo wa kuzalisha sumu usio na mpokeaji, na kifo ulichokiona promota ilipoongezwa nguvu ndicho tokeo lake la kawaida.

Lakini hata ukiziweka hps na phi, usishangae bakteria wakikataa kukua, kwa sababu hapa pana mtego ambao huwanasa karibu wote wanaoanza. Kila formaldehidi moja hula ribulosi-5-fosfeti moja. Ili mzunguko uendelee, formaldehidi tatu zinapoungana na ribulosi tatu na kutoa sukari tatu za kaboni sita, sehemu kubwa ya kaboni hizo, yaani 15 kati ya 18, lazima irudi kujenga upya zile ribulosi tatu, na ni kaboni tatu tu zinazobaki kuwa faida ya seli. E. coli hakuumbwa kuweka akiba ya namna hiyo. Akiipata fruktosi-6-fosfeti huivunja upesi apate nishati, ribulosi inaisha, Hps inakosa cha kuunganisha, na formaldehidi inaanza kurundikana. Bakteria mwenye vimeng'enya vyote vitatu vinavyofanya kazi barabara anaweza kufa kwa sababu tu mgawanyo wa kaboni umeelekea upande usiofaa.

Hilo ndilo lililochukua miaka kutatuliwa. Mwaka 2015 kundi la Julia Vorholt, huko ETH Zurich, lilionyesha kwa methanoli yenye kaboni nzito (kaboni-13, inayoweza kufuatiliwa) kwamba hadi asilimia 40 hivi ya kaboni ya baadhi ya molekuli za kati za E. coli aliyebadilishwa ilitoka kwenye methanoli, na bado bakteria hao hawakuweza kukua kwa methanoli peke yake. Mwaka 2020 kundi la James Liao, huko Taiwan, lilitangaza E. coli wa kwanza aliyekua kwa methanoli tupu akiongezeka maradufu kila baada ya saa 8.5. Hawakufika huko kwa kimeng'enya chenye nguvu kupita vingine. Walibuni bakteria aliyelazimika kuitumia methanoli ili aishi, wakamwacha abadilike mwenyewe kwa vizazi vingi, na walipomchunguza wakakuta kwamba tatizo kubwa lilikuwa ni hayo mafundo ya protini na DNA, na kwamba bakteria alikuwa amelitatua kwa kubadilisha idadi ya nakala za sehemu ya jenomu yake, hadi uzalishaji na upokeaji wa formaldehidi ukalingana. Mwaka 2024 kundi la Zurich lilichapisha bakteria mwenye kuongezeka maradufu kwa saa 4.3, ambaye tayari aliweza kutengenezewa njia za kuzalisha kemikali kama asidi itakoniki na asidi laktiki kutoka kwenye methanoli. Kuna pia njia nyingine kabisa inayopitia asidi fomiki na glisini, isiyotegemea mzunguko wa sukari na kwa hiyo isiyo na mtego nilioueleza, E. coli wa njia hiyo aliweza kukua kwa methanoli, ingawa kwa mwendo wa pole sana, maradufu moja kwa zaidi ya saa 50.

Ningekuwa msimamizi wako, ningekutaka kwanza uache kutumia neno "kukua" kama kipimo cha pekee. Anza kwa kuipima formaldehidi ndani ya kimiminika walimo bakteria, kwa kipimo cha Nash: asetilasetoni na chumvi ya amonia, kioevu kinageuka manjano, unasoma kwenye nanomita 412. Ni rahisi na kitakueleza mengi. Formaldehidi ikipanda na kubaki juu, mpokeaji hayupo au amezidiwa. Ikiwa chini na methanoli haipungui, mmenyuko umesimama kwenye msawazo, na tatizo linaweza kuwa oksijeni au upungufu wa ribulosi. Ikiwa chini na methanoli inapungua, usikimbilie kufurahi, kwa sababu mambo mawili yanadanganya. La kwanza ni kwamba methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 hivi na hupotea hewani kwa urahisi kwenye chupa inayotikiswa. Weka chupa isiyo na bakteria uone inapoteza kiasi gani. La pili ni kwamba E. coli ana mfumo wake wa kujikinga, frmA na frmB, unaoigeuza formaldehidi kuwa fomati, yaani chumvi ya asidi fomiki, kwa msaada wa glutathioni. Kaboni hiyo hupotea, ingawa NADH yake humpa bakteria nishati kidogo, na watu wengi wamedhani bakteria wanakula methanoli kumbe wanaichoma tu. Kuifuta frmA huzuia upotevu huo, lakini pia humwondolea bakteria ngao yake, hivyo usiifute kabla hps na phi hazijathibitika kufanya kazi.

Baada ya hapo tumia methanoli yenye kaboni-13, hata kwa jaribio moja tu, maana bei yake ni kubwa. Ukiipata kaboni nzito ndani ya amino asidi za protini, si ndani ya hewa ya ukaa peke yake, una ushahidi ambao hakuna mkaguzi atakayeukataa. Na kwa muda uliobakiza wa shahada ya uzamili, lengo linalofikika ni bakteria anayehitaji methanoli pamoja na sukari nyingine: kwa mfano anayefutiwa jeni za isomerasi ya ribosi-fosfeti, rpiA na rpiB, ili ashindwe kuitumia zailosi mpaka apate formaldehidi ya kuunganisha nayo. Bakteria wa namna hiyo hukupa jibu la ndiyo au hapana kwa kutazama tu chupa, na ndio waliokuwa daraja la kufikia mafanikio niliyoyataja. E. coli anayeishi kwa methanoli tupu ni kazi ya timu nzima kwa miaka, na sioni aibu yoyote kukuambia usijitwishe mzigo huo peke yako.

Lipo pia swali ambalo hukuliuliza: kwa nini E. coli? Kama shabaha yako ni bidhaa, Bacillus methanolicus mwenyewe huongezeka maradufu kwa methanoli kila baada ya saa chache tu na kwa asili hutoa glutamati kwa wingi, na joto lake la nyuzi 50 hupunguza gharama ya kupoza mtambo, kwa kuwa methanoli ni kitu kilichojaa elektroni na kuichoma hutoa joto jingi na kudai oksijeni nyingi. Faida ya E. coli ni zana zake za kijenetiki na elimu tuliyonayo juu yake. Faida hiyo ni ya kweli, lakini ipime dhidi ya miaka ya kumfundisha kula. Na uchumi nao usiusahau. Kampuni ya ICI ya Uingereza ilijenga huko Billingham mtambo mkubwa wa kukuza bakteria Methylophilus methylotrophus kwa methanoli ili wawe chakula cha mifugo, bidhaa iliyoitwa Pruteen. Kibaiolojia ulifanya kazi vizuri sana. Kilichouangusha katika miaka ya 1980 ni bei, kwa kuwa methanoli ilikuwa ghali na soya ilikuwa rahisi. Hadi leo sehemu kubwa ya methanoli duniani hutengenezwa kutokana na gesi asilia na makaa ya mawe, hivyo madai kwamba kila bidhaa ya methanoli ni rafiki wa mazingira yana ukweli pale tu methanoli hiyo inapotengenezwa kwa hewa ya ukaa na hidrojeni isiyotokana na visukuku.

Sasa kuhusu usalama, ambao nimeuweka mwishoni ili uondoke nao. Kwa bakteria, milimola mia chache zinatosha. Milimola 500 ni takriban gramu 16 kwa lita, yaani kama asilimia 2 kwa ujazo, na juu ya hapo E. coli huanza kudhoofika kwa methanoli yenyewe hata bila formaldehidi. Usiipitishe methanoli kwenye mashine ya kutakasa kwa mvuke. Iongeze baada ya kimiminika kupoa, ikiwa imechujwa. Inashika moto hata kwenye joto la chumba cha kawaida, na mwali wake mchana ni vigumu kuuona, kwa hiyo usiimimine karibu na kichomeo wala kuifungia chupa nyingi kwenye inkubeta isiyopitisha hewa. Formaldehidi imeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani. Kipimo cha Nash na miyeyusho yake ya kulinganishia vifanyie chini ya kabati la kuvuta hewa.

Kwa mwili wa binadamu hakuna kiasi cha methanoli ninachoweza kukuambia ni salama kunywa. Ini letu hufanya mmenyuko uleule unaousoma, kwa kimeng'enya kinachovunja pombe, na formaldehidi hugeuzwa kuwa asidi fomiki inayozuia upumuaji wa seli na kuharibu mishipa ya fahamu ya macho. Hatari yake kubwa ni kuchelewa: mtu anaweza kujisikia vizuri kwa saa 12 hadi 24 kabla ya macho kufifia. Yeyote aliyeimeza, hata kama haoni dalili, apelekwe hospitali papo hapo na daktari aambiwe neno methanoli, kwa sababu dawa ipo, nayo hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya hicho, na inafaa zaidi ikitolewa mapema.

Kabla ya kugusa jeni nyingine, keti na msimamizi wako na afisa wa usalama wa baiolojia wa chuo chako, maana kufuta frmA na kuingiza njia mpya ya kaboni ni mabadiliko yanayopaswa kuandikishwa. Nenda ukiwa na ramani ya plasmidi yako, picha ya jeli, na matokeo ya kipimo cha Nash kutoka chupa tatu: yenye kimeng'enya peke yake, yenye kimeng'enya pamoja na hps na phi, na isiyo na plasmidi. Kwa matokeo hayo matatu mezani, mtu yeyote anayeifahamu kazi hii ataweza kukuambia tatizo lako liko hatua gani.